Sura ya Kumi na Moja: Kifuniko cha Taa ya Kushoto

Fundi Viti alikuwa amekiri, na hilo ndilo lililomkera Inspekta tangu asubuhi. Mtu akikana, unajua pa kuanzia. Huyu alikuja kituoni kwa miguu yake, Jumapili saa nne, akaweka funguo za gari mezani na kusema, "Mimi ndiye niliyemgonga yule mkunga." Basi. Leo Jumatano hakuwa ameongeza neno wala kupunguza. Kesho saa tatu asubuhi angepandishwa kizimbani, arudie maneno yaleyale mbele ya hakimu, afungwe, jalada liende kabatini.

"Afande, sasa tunatafuta nini?" Koplo aliuliza. Alikuwa amesimama kwenye ua wa nyuma wa kituo, jalada kwapani, jua la saa sita likimchoma utosi. "Gari hili hapa, nyeupe kama shahidi alivyosema. Dereva yuko ndani, kakiri. Mkunga tumemzika jana. Tunataka nini tena, malaika ashuke?"

"Nataka kujua hiki kinakaa wapi."

Inspekta alitoa kwenye mfuko wa plastiki kipande cheupe kilichookotwa mtaroni, hatua nne kutoka mwili ulipolala. Upana wake ulikuwa wa viganja viwili. Juu kilibinuka kidogo na pembe zake zilikuwa za mviringo. Chini kilikuwa na masikio mawili ya skrubu yaliyokatika, na karibu yake nukta mbili za rangi ya njano. Koplo alikuwa amekiandika kwenye orodha ya vielelezo: kipande cha bampa.

Akachuchumaa mbele ya Celica ya Fundi Viti, gari fupi la milango miwili. Bampa lilikuwa zima, halina hata mchubuko. Gari lile lilikuwa na taa nne za duara, mbili kila upande, na mbili za kushoto zilikuwa zimevunjwa. Akajaribu kukiweka kile kipande huku, akakiweka kule. Hakikukaa popote.

"Koplo, hivi vioo vilivyovunjika, kule barabarani mliokota vingapi?"

"Hatukuokota."

"Hata chembe?"

"Labda vilifagiliwa."

"Mfagiaji ndiye shahidi wako. Alifagia huku maiti imelala pale?"

Inspekta akaingiza kidole kwenye tundu la taa, akatoa vipande vya kioo kimoja kimoja na kuvipanga kwenye boneti. Vilikuwa vingi, karibu vyote. Taa hizi hazikuvunjikia barabarani. Mtu alizivunja gari likiwa limesimama, tena kwa kitu kidogo kama nyundo ya kupigia misumari ya makochi.

"Amejivunjia gari lake mwenyewe," Inspekta alisema. "Na amevunja upande wa kushoto. Nani alimwambia ni kushoto?"

"Sisi hatukumwambia."

"Ndiyo hivyo. Kwa hiyo gari lililoua amelishika kwa mikono yake. Ila si hili. Nipe funguo za pikipiki."

"Na chakula cha mchana je?"

"Kula na changu."

Alimkuta mfagia barabara kwenye kona ileile ya njia ya hospitali, amekaa ukingoni mwa mtaro, ufagio umelazwa miguuni. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya kupitiliza.

"Nirudie mara ngapi jamani?" alianza kabla hajaulizwa. "Kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Gari jeupe, fupi, limelala chini. Mkunga anatembea pembeni, upande wake, na koti lake la kazini. Likampitia. Likasimama kidogo kule mbele, halafu likaenda zake. Mimi nikatupa ufagio nikapiga ukunga. Sijafagia kitu mpaka leo, nikifika hapo mikono inaishiwa nguvu."

"Taa zake ulizionaje?"

Mama yule akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Lilikuwa linakonyeza."

"Linakonyeza vipi?"

"Jicho moja wazi, moja limefumba! La upande wa dereva limesimama juu ya boneti, huko. La upande wa mkunga limelala, huoni hata kama lipo. Nilimwambia yule kijana wenu aliyekuja kuandika. Akaniambia, mama, gari halikonyezi, acha masihara, watu wana msiba. Hakuandika."

Inspekta akavuta pumzi ndefu ili asimtukane mtu asiyekuwepo. Akaiandika sentensi yote na kumsomea, mama akaweka dole gumba. Kwa nini mtaroni hakukuwa na kioo sasa alikuwa anajua. Taa iliyofumba huwa imejikunja chini ya kifuniko chake, haifikiwi. Mkunga alikuwa ameangukia kifuniko. Tena alikuwa akitembea upande usio na mwanga, dereva asingemwona kwa urahisi.

Mtu mmoja tu mjini angeweza kumwambia kifuniko ni cha gari gani.

Mama Vipuri aliuza mitumba ya magari tangu mumewe alipofariki, na watu walisema mumewe hakuwahi kujua nusu ya anachokijua yeye. Uani kwake milango ilining'inia kwenye kamba kama nguo zilizofuliwa. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele cha basi, miwani ikining'inia kifuani, akimfokea mteja kwa simu. Alipomwona Inspekta alikata simu.

"Karibu, afande. Leo umekuja kununua au kunisumbua?"

"Kukusumbua kidogo. Hiki ni cha nini?"

Mama Vipuri alikipokea, akakipindua, akatazama upande wa chini. Kisha akakigeuza juu haraka na kuvaa miwani.

"Kope," alisema. "Sisi huku tunaziita kope. Vifuniko vya taa zinazoinuka. Ukiwasha, zinafunguka. Ukizima, zinafumba, boneti inabaki laini kama meza."

"Za Celica?"

"Celica ipi sasa? Nyinyi mnasema Celica kana kwamba ni moja. Ziko saba, baba na wajukuu." Akajiegemeza, na Inspekta akaona kwamba mazungumzo haya yatakuwa marefu kuliko alivyotaka, akamwacha aendelee. Mtu anayeongea sana ana sababu. "Ya kwanza, mwaka sabini, kijana mwembamba, taa nne za duara, injini mbele, nguvu nyuma. Wazee wakiiona mpaka leo wanaacha walichokuwa wanasema. Ya pili ikanenepa kidogo. Mwanzoni taa za duara, baadaye wakazifanya za pembe. Ya tatu, hiyo walichora kwa rula, kila kitu kimenyooka. Taa zake mwanzo zililala chali, zinatazama mbingu, ukiwasha ndiyo zinaamka. Baadaye wakazivika kope kabisa. Hapo ndipo kope zilipoanza."

"Basi hii ni ya tatu?"

"Subiri, mbona una haraka? Ya tatu ndiyo ya mwisho kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Ya nne wakageuza, mbele ndiyo inavuta. Watu walilia, nakuambia! Wakasema wameharibu. Wakatoa nyingine inayovuta kwa yote manne, wakanyamaza. Nayo ina kope, lakini kope la ya nne limenyooka. Hili lako limeliwa pembe. Hii ni ya tano, ya kuanzia mwishoni mwa themanini na tisa. Gari zima hivyo hivyo, kama sabuni iliyokwisha kuogewa. Ya sita wakaondoa kope, wakarudisha macho manne ya duara. Haifumbi."

"Kama ya Fundi Viti."

"Kama hiyo," alisema Mama Vipuri, akatazama pembeni. "Ya saba ina macho makali, imechongoka kila mahali. Halafu mwaka elfu mbili na sita wakaacha kuzitengeneza. Mimi nilisikitika kama nimefiwa."

"Za tano hapa mjini ziko ngapi?"

"Moja. Ya daktari wa meno. Nenda kamwone."

Inspekta alikwenda. Celica ya daktari wa meno ilikuwa nyuma ya nyumba, nyeupe kweli, ya tano kweli. Ilikuwa juu ya mawe, haina injini, nyasi zimeota mpaka kwenye usukani, na kuku alikuwa amelalia mayai kiti cha nyuma. Kope zote mbili zilikuwa mahali pake. Daktari wa meno aliapa kwamba ataitengeneza mwaka huu, na mkewe aliyesimama mlangoni akacheka mpaka akashika ukuta.

Dakika ishirini zilikuwa zimekwenda bure. Au karibu bure, kwa sababu Mama Vipuri anajua kila gari la mji huu na haikosi alijua hili lina kuku. Inspekta alirudi uani kwake bila kupiga honi.

"Ulilipindua kwanza," alisema.

"Nini?"

"Kope. Mtu nikimpa kitu cheupe kilichochorwa vizuri hutazama juu. Wewe ulitazama chini. Ulikuwa unatafuta nini chini?"

Mama Vipuri alivua miwani na kuifuta kwa upindo wa gauni, akaifuta tena.

"Zile nukta mbili za njano ni zako," Inspekta aliendelea.

"Kila kinachotoka hapa nakitia nukta mbili chini. Watu ni wajanja, afande. Ananunua kwa jirani, kinavunjika, anakuja kudai kwangu. Bila nukta zangu sirudishi kitu." Akaivaa miwani. "Kope hilo nililiuza mwaka jana. Alinunua Fundi Viti."

"La gari lake lisilo na kope?"

"Usinifanye niseme. Kijana yule alinishonea viti vyote vya msibani mume wangu alipokufa, hakuchukua hata senti."

"Mama, kesho saa tatu anafungwa."

"Kwa nini afungwe yeye?" Mama Vipuri alipaza sauti, halafu akaziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa amekwisha kusema. "La baba yake," alimalizia polepole. "Mzee Ramani. Lakini mzee haendeshi tena, haoni. Watoto walimnyang'anya funguo."

Mzee Ramani alikuwa mpima ardhi mstaafu. Nyumba yake ilikuwa na geti la chuma na banda la gari pembeni. Aliyefungua geti alikuwa binti yake mkubwa, dada yake Fundi Viti. Alipoiona ile plastiki mkononi mwa Inspekta alitoka nje na kulirudisha geti nyuma yake.

"Hapana," alisema. "Nakuomba. Hapana."

"Yuko ndani?"

"Wewe huna baba?"

"Ninaye."

"Basi mwachie na mwenzio wake. Ana miaka sabini na tisa. Ana figo moja na mtoto wa jicho pande zote mbili. Mtamweka kwenye sakafu, atamaliza wiki? Tumekaa mimi na mdogo wangu, tumeongea, amekubali mwenyewe. Yeye ana nguvu, atatoka. Mzee hajui lolote. Tumemwambia mdogo wangu kasafiri, kaenda kushona viti vya hoteli."

Inspekta alimhurumia, na hakuficha. Lakini hakusogea. "Dada yangu, watu wa mkunga walizika jana wakiambiwa aliyemuua amepatikana. Nao wamekubali kudanganywa? Mlikaa nao?"

Machozi yalimtoka Dada, akayaacha.

"Nani huyo?" sauti iliita kutoka ndani. "Mbona mgeni anawekwa getini kama muuza sabuni?"

Mzee Ramani alitokea barazani akipapasa ukuta, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mistari inaonekana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Askari wewe. Nasikia viatu."

"Ndiyo, mzee. Nimekuja kwa habari ya gari."

"Celica?" Uso wake wote ulifunguka. "Ingia, ingia! Kuna nini nisichokijua mimi? Ya kwanza niliinunua nikiwa kapera. Mama yao alinikubali kwa ajili ya ile gari, akakana mpaka anaingia kaburini. Ya tatu ndiyo niliyompelekea hospitali kumzaa mdogo wake huyu. Hii ya tano nikasema basi, sibadilishi tena. Kijana wangu akaenda akanunua ya sita. Nikamwambia, umenunua gari lisilojua kulala."

Alicheka peke yake. Aliwaongoza bandani, akavuta turubai kwa mkono mmoja, akijua ncha ilipo bila kuiona. Celica nyeupe ya tano. Kope la kulia lilikuwepo. Mahali pa la kushoto palikuwa na tundu, na ndani yake taa ilikuwa imejikunja, nzima, kioo kinang'aa. Inspekta aliweka kile kipande juu ya tundu. Kilikaa bila kusukumwa.

"Unarudisha kope langu!" Mzee alipitisha vidole juu yake. "Lilipotea Jumapili. Mota ya upande huu imechoka, taa haiinuki. Usimwambie huyu, lakini nina funguo ya akiba. Jumapili alfajiri huwa nalinyoosha miguu kidogo, barabara ikiwa tupu. Hiyo Jumapili nikagonga nguzo."

"Nguzo ipi, mzee?"

"Baba," alisema Dada. "Baba, usijibu."

"Njia ya hospitali. Nilisikia kishindo. Nikasimama, nikageuka, sikuona kitu. Na mimi naona nini siku hizi? Nikarudi nikamwambia kijana. Akaenda kuangalia, akarudi amekuwa kimya, akasema ni nguzo, baba, hata haijapinda."

Inspekta aliendelea kushikilia kifuniko. Alikuwa amekuja akiwa amejiandaa kwa ubishi, si kwa hili. "Mzee, mahali pale hakuna nguzo."

Mzee Ramani alijishusha polepole mpaka akakaa kwenye bampa la mbele, na mikono yake ikabaki juu ya magoti.

"Najua," alisema. "Barabara ile niliipima mimi, hatua kwa hatua. Hakuna nguzo mpaka darajani. Nilijua siku ileile. Nilitaka iwepo. Ni nani?"

"Mkunga. Alikuwa anatoka zamu."

"Yuko hai?"

"Hapana, mzee. Alifariki palepale."

Dada alilia kwa sauti sasa. Mzee alinyoosha mkono upande sauti ilikotoka, akampata bega, akalishika.

"Na kijana wangu hayupo hotelini."

"Yuko mahabusu kwetu. Amesema ni yeye. Kesho asubuhi anapelekwa mahakamani."

"Viatu vyangu," Mzee alimwambia binti yake. "Vile vyeusi. Na kitambulisho kiko kwenye kabati la juu."

"Baba, utafia kule!"

"Viatu, mwanangu."

Walifika kituoni saa kumi na moja kasoro, mzee na binti yake kwa teksi, Inspekta nyuma yao na pikipiki. Koplo alimtoa Fundi Viti mahabusu na kumleta chumba cha maelezo. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na miwili, mpana, vidole vimejaa makovu ya sindano. Alipoona nani amekaa kwenye benchi, alirudi nyuma mpaka akamgonga Koplo.

"Mzee hajui kitu!" alipiga kelele. "Afande, mzee anachanganyikiwa, msimsikilize, mimi nimeshasema ni mimi!"

"Kaa chini," alisema baba yake.

"Baba, tafadhali. Nimeshamaliza. Miaka michache tu, nitatoka. Nilitaka ufie nyumbani kwako, kitandani kwako. Ni hilo tu. Ni dhambi?"

Mzee Ramani aligeuza uso kuelekea sauti ile.

"Ningefia nyumbani," alisema. "Ningekufa nikiuliza hoteli gani hiyo yenye viti visivyokwisha. Wangenibeba majirani. Na wewe ungekuwa umefungiwa huku, unaambiwa na askari kwamba baba yako amezikwa jana. Nani angeshuka kaburini kunipokea, mwanangu? Nani?"

Fundi Viti alikaa. Aliweka kichwa juu ya magoti ya baba yake kama hakukuwa na mtu mwingine chumbani, akalia. Mzee alimshika kisogo kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine alipapasa juu ya meza mpaka akaipata karatasi, akaisogeza upande aliosikia Inspekta akivuta kiti.

"Haya, binti," alisema. "Andika. Naanza na jina la yule mkunga. Niambie aliitwa nani, nami nilitaje mwenyewe."